Shajara ya chemchemi: miti ya usharika wetu, Machame, kuanzia kiangazi hadi vuli

Januari, kiangazi

Mwaka huu kamati ya mazingira ya usharika imeanza kwa kukagua. Kabla ya kupanga tutapanda nini, tumezunguka kuona miche ya masika iliyopita imefikia wapi: ukingoni mwa mto, kwenye kiwanja cha shule ya msingi, na kwenye chemchemi iliyo ndani ya shamba la kanisa.

Mingi imekufa. Kiwanjani kwa shule vimebaki vijiti. Ukingoni mwa mto imepona ile iliyo karibu na nyumba ya bibi mmoja, ambaye kiangazi chote amekuwa akiimwagia maji ya kusuuzia vyombo bila kuagizwa na mtu. Tulipochimbua michache iliyokauka tulikuta mizizi bado imebanwa ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni, yaani ilipandwa na plastiki yake. Mingine ilipandwa mvua ikiwa ukingoni kwisha, kwa sababu siku ya uzinduzi ilisogezwa mbele hadi wageni wapatikane. Iliyosalia ililiwa na mbuzi. Siku ile kulikuwa na kwaya, hotuba na picha, na kila mtu alikwenda nyumbani akijua miche ni ya kanisa, maana yake si ya mtu yeyote.

Dayosisi yetu ya Kaskazini ina historia nzuri katika jambo hili. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuanzia 2016 hadi 2024, alisisitiza upandaji wa miti kwenye mlima huu wa Kilimanjaro mpaka akajulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti. Msukumo tunao. Kinachotukosa ni kile kinachofuata baada ya kupanda. Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza, Mwanzo 2:15, na sisi tumekuwa tukifanya nusu ya kwanza tu kisha tunafunga ibada.

Tumekubaliana mambo matatu. Tutapanda miche michache kuliko mwaka jana. Kila mche utakuwa na mtoto au familia inayoujibia kwa jina. Na vuli tutahesabu iliyo hai, na hiyo ndiyo hesabu itakayosomwa kanisani.

Januari, mwishoni

Leo nimekaa chemchemini na wazee wawili wa mfongo, yaani mfereji wetu wa asili. Maji haya yanaingia kwenye mfongo unaopita vihamba, mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, vya watu wengi, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, kwa zamu ambazo zilipangwa na mababu zetu. Wazee wanasema zamani, hata mwezi huu wa jua kali, maji yalikuwa yakifika kihamba cha mwisho. Sasa yanakatika njiani, na wa mwisho wananunua maji ya madumu.

Vijana wengi wakisikia hivi wanataja barafu. Kweli barafu ya Kibo, kilele cha mlima wetu, imepungua sana. Mwaka 1912 ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, na zaidi ya asilimia 80 yake imekwisha. Lakini maji tunayokunywa hayatoki kule kwa sehemu kubwa. Yanatoka kwenye msitu, kwa mvua na kwa ukungu ambao miti ya juu inauchuja na kuudondosha ardhini. Ndiyo maana moto wa Oktoba 2020, ulioteketeza karibu kilomita za mraba 95 juu huko, uliniumiza kuliko picha yoyote ya barafu inayoyeyuka. Barafu siwezi kuirudisha. Msitu na vyanzo vya maji vina mahali ambapo mkono wangu unafika.

Na hapa mkono wetu unafikia kitu ambacho hatujapenda kukisema. Kuizunguka chemchemi yote kuna mikaratusi ya kanisa. Ilipandwa na watangulizi wetu kwa nia njema kabisa, wapate nguzo na mbao za kujengea. Ni miti inayokunywa maji mengi, na imesimama mdomoni mwa chanzo.

Februari

Kitalu kimeanza upya nyuma ya nyumba ya mwinjilisti. Umoja wa Wanawake wamechukua zamu za kumwagilia, na darasa la kipaimara linakuja Jumamosi baada ya mafundisho. Udongo tunachanganya ndoo tatu za udongo wa msituni, mbili za samadi iliyooza vizuri, moja ya mchanga. Samadi mbichi inaunguza mizizi, kwa hiyo tunachota ile ya chini ya lundo, nyeusi, isiyonuka.

Mwaka huu tunakusanya mbegu wenyewe, tena za miti yetu ya asili. Mringaringa tumeupata kwa wingi. Matunda yanalowekwa, nyama inasuguliwa mpaka itoke, ndipo mbegu inakaushwa kivulini. Mruka nao si mgumu, maganda yake yakikauka yanapasuka yenyewe. Msesewe, ule ambao magome yake wazee wanatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, unapenda miguu yake iwe kwenye maji, na kwa chemchemi hatukuweza kuuacha. Mikuyu haihitaji mbegu: tunakata matawi manene na kuyasimika ardhini.

Uliotupa kazi ni mkondekonde. Mbegu yake haihifadhiki. Ukiiweka kwenye bahasha ukasema utaiotesha mwezi ujao, unaotesha mbegu mfu. Inatakiwa ioteshwe mara tu matunda yanapoiva na kuokotwa. Mti huu umechunwa magome kila mahali kwa ajili ya dawa, hata biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa, na siku hizi katika vihamba vya jirani ni wa kutafuta. Tumepata miti mikubwa michache, na mwenye mmoja wao alitufungulia geti akiwa na furaha kama tumekuja kuposa.

Watoto wanashangaa wakielezwa kuwa mti mrefu kuliko yote Afrika uliopimwa mpaka sasa, mkukusu wenye mita 81.5, umesimama kwenye bonde la mlima huu huu. Mmoja aliuliza kama una mwenyewe. Mwalimu wa kipaimara akamrudisha kwenye Zaburi ya 24: nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana.

Machi

Suala la mikaratusi limefika kwenye Baraza la Wazee. Nimeandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo kazi yote ya mwaka ilipopimwa.

Hoja ya kuitetea ilikuwa nzito, na aliyeitoa ni mzee ninayemheshimu. Alisema miti ile ndiyo akiba ya jengo. Paa la kanisa linasubiri. Ukikata yote leo unauza changa kwa bei ya kutupa, halafu mwakani unapitisha bahasha kwa washarika wale wale ambao kahawa haiwalipi. Akasema pia, na ni kweli, kwamba mkaratusi umewaokoa watu wengi wasiingie msituni kutafuta kuni.

Mchungaji hakumjibu kwa haraka. Alimwomba mwenyekiti wa mfongo, ambaye si msharika wetu, aingie aseme. Yule mzee akaeleza tu ni vihamba vingapi vya chini vimeacha kupata maji na wenyewe ni akina nani. Alitaja majina. Wajane wawili kati yao wanakaa viti vya mbele kila Jumapili.

Nilipopewa nafasi nilisema ninachoamini. Hatuwezi kumfundisha mtoto wa kipaimara kwamba uumbaji ni wa Mungu huku shamba la kanisa ndilo linalomnyima jirani maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na tungeweza kuanzia hapo. Lakini kwa Mkristo sheria ya nchi inakuja ya pili. Amri ya kumpenda jirani ilitufikia mapema zaidi, na jirani yetu ni yule anayekaa mwisho wa mfongo.

Baraza lilikubali jambo ambalo kila upande uliumia kidogo: ndani ya mita 60 mikaratusi yote itaondolewa kwa awamu mbili, ili ukingo usibaki mtupu na mvua ikaubeba udongo. Nje ya mita hizo miti itabaki ikomae, iuzwe kwa faida ya jengo. Maombi ya kibali cha kukata yamepelekwa kwa afisa misitu wa wilaya. Yule mzee wa hoja ya kwanza alijitolea kusimamia mauzo ya nguzo, na sitaki hilo lipite bila kuandikwa.

Aprili, masika

Kibali kimetoka, awamu ya kwanza imekatwa, na tumepanda mvua ilipokwisha kushika ardhi sawasawa. Hatukuwa na mgeni rasmi. Darasa la kipaimara, wazazi wao na akina mama wa kitalu walifika asubuhi, tukasoma maelezo ya sehemu ya kwanza ya Imani katika Katekisimo Ndogo ya Luther, kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, tukaomba, tukashika majembe.

Kila kiriba kilipasuliwa na kurudishwa kwenye kapu. Mwalimu alisimama na kapu mkononi, na mtoto hakuondoka bila kukabidhi plastiki yake. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Juni 2019, na haifai sisi tuizike kwenye chanzo cha maji kwa jina la mazingira. Msesewe na mikuyu imekaa karibu kabisa na maji, mringaringa na mruka juu yake, mkondekonde palipo na udongo mzito. Tumepanda matete na majani ya kushika udongo pale mashina ya mikaratusi yalipobaki.

Mei

Mvua nyingi, kazi kidogo. Mashina ya mikaratusi yanachipua kwa nguvu ya ajabu. Vijana wanapita kila wiki kuvunja machipukizi. Wasipovunja, ndani ya miaka michache mkaratusi utarudi ulipokuwa.

Juni

Likizo ya shule. Tumewapeleka vijana wa kipaimara mwaka wa pili mpaka Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni safari niliyoipigania kwenye bajeti na ninafurahi kwamba haikukatwa.

Mtoto wa mlimani anajua maji yanakotoka, hajui yanakokwenda. Maji ya Kikafu na Weruweru yanashuka tambarare na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa na Ruvu zinaingia bwawani. Kutoka hapo ni mto Pangani, ambao unazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kufika baharini. Tuliposhuka njiani watoto walikuwa wakiuliza mbona huku kumekauka hivi. Nyasi za kijivu, migunga, ng'ombe wamekonda. Ni mwendo wa saa chache tu kutoka kwenye migomba yao.

Kandokando ya bwawa mama mmoja anayekaanga perege alizungumza nao. Aliwauliza wanatoka wapi, wakasema Machame. Akasema, "Kumbe nyie ndio mnatuletea udongo." Hakusema kwa ukali. Akawaeleza jinsi maji ya masika yanavyofika mekundu, na jinsi wavuvi wa siku hizi wanavyorudi na samaki wadogo. Watoto walinyamaza. Mmoja alisema baadaye kwenye gari kwamba hakuwahi kufikiri kuwa udongo unaotoka kwenye kihamba chao una mahali unakofikia.

Chini ya mgunga tulisoma Ezekieli 34, pale Bwana anapowauliza wanono wa kundi kama haitoshi wao kunywa maji safi, mpaka wayachafue kwa miguu yaliyosalia, na kondoo wengine wanywe yaliyovurugwa. Sikuongeza mahubiri. Ninaamini kabisa kwamba andiko hili linahusu mlima na tambarare kama linavyohusu wafalme wa Israeli, na wale vijana walilielewa kwa macho yao.

Julai, baridi

Mbuzi wa jirani wameingia na kula sehemu ya miringaringa. Kamati iligawanyika kati ya kwenda kwa mtendaji wa kijiji na kwenda kwake kwanza. Tulikwenda kwake. Siku ya pili yake alikuja mwenyewe chemchemini ameshika jani la isale. Kwa Mchaga jambo hilo halina jibu lingine. Aliyeshika isale amekuja kuomba msamaha, na unasamehe. Amefunga mbuzi wake, na ametupa miti ya kuzungushia uzio upande ule. Tumepanda masale kwenye mpaka wote wa mita 60, kila mtu hapa anajua maana yake bila kibao.

Agosti

Kwenye somo la Biblia la jumuiya kumekuwa na mjadala mkali, na nashukuru ulitokea waziwazi. Ndugu mmoja aliuliza kwa nini tunahangaika na miti wakati Petro, kwenye waraka wake wa pili, anasema nchi na kazi zilizomo zitateketea. Kazi ya kanisa ni roho za watu, akasema. Mwingine akaongeza Mwanzo 1:28: tumeambiwa tuitiishe nchi.

Si maswali ya kupuuza, ndiyo yanayowafanya washarika wengi wakae nyumbani siku ya kazi hata kama hawasemi. Nilijibu hivi. Petro yule yule, baada ya kusema hayo, anauliza imewapasaje kuwa watu wa tabia gani, na anaahidi mbingu mpya na nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake. Asiyezoea kutenda haki kwenye nchi hii ataishije katika ile? Paulo anawaambia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua vikingoja wana wa Mungu wafunuliwe, na anawaambia Wakolosai kwamba Kristo alivipatanisha vitu vyote kwa damu ya msalaba wake. Vitu vyote. Sioni mlango wa kuutoa mto nje ya maneno hayo.

Kuhusu kutawala, mama mmoja wa Umoja wa Wanawake alinishinda kwa ufupi: kila mtawala katika Biblia aliyekula kondoo badala ya kuwachunga alihukumiwa. Kwa Adamu na uzao wake kutakuwaje tofauti?

Tulimaliza bila wote kukubaliana. Yule ndugu wa swali la kwanza alikuja Jumamosi iliyofuata kuvunja machipukizi.

Septemba

Tumeadhimisha Majira ya Uumbaji pamoja na jirani zetu wa parokia. Ni kuanzia tarehe 1 Septemba, siku ambayo Patriaki Dimitrios wa Kwanza wa Kiorthodoksi aliitenga mwaka 1989 kwa maombi ya uumbaji, hadi tarehe 4 Oktoba, kumbukumbu ya Fransisko wa Asizi. Wakatoliki wana waraka wa Papa Fransisko wa 2015 na wanaujadili kwenye jumuiya ndogondogo. Sisi tuna azimio la Walutheri wa dunia waliokutana Windhoek mwaka 2017 wakisema uumbaji hauuzwi. Pamoja tumesafisha mfongo kuanzia chemchemini hadi kihamba cha mwisho, na Waislamu wa bondeni wakatupokea na chai.

Baada ya ibada ya mavuno, mnadani nje ya kanisa, kati ya ndizi, kuku na maboga, tuliweka miche ya mkondekonde. Iligombewa. Mche mmoja ulinunuliwa na kurudishwa mnadani mara kadhaa, kama inavyofanyika kwa jogoo. Fedha yote imekwenda kwenye uzio na viriba vya mwakani.

Oktoba

Jua kali, upepo mkavu. Huu ndio mwezi wa moto, na matangazo ya kila Jumapili yanawakumbusha warina asali wasiende msituni na mienge na watu wa mashamba wasichome mabaki. Watoto wanamwagilia kwa zamu. Wazazi wawili wamelalamika kwamba zamu zinaingiliana na masomo, tumezipanga upya.

Novemba, vuli

Tumehesabu. Zaidi ya theluthi mbili ya miche iko hai. Msesewe umepona karibu wote, mikuyu pia. Mringaringa umepungua upande wa mbuzi. Mkondekonde umetuhuzunisha: uliokaa penye kivuli uko vizuri, ule uliopandwa juani umekufa zaidi ya nusu. Hesabu imesomwa kanisani kwa majina ya watoto, iliyo hai na iliyokufa, na mchungaji alihubiri kutoka Luka 16, toa hesabu ya uwakili wako. Aliyefiwa na mche amepewa mwingine na sehemu ile ile ya kuujibia.

Kuhusu maji sitasema zaidi ya ninachokiona. Mwaka mmoja hauponyi chemchemi. Mwenyekiti wa mfongo anapima kina kwa kijiti chenye alama, kila mwisho wa mwezi, na ataendelea hivyo kwa miaka kabla hatujatangaza lolote.

Yaliyobaki kabla ya masika ni haya. Awamu ya pili ya mikaratusi inakatwa Januari, na barua ya kibali ipo kwa katibu wa usharika. Mkondekonde wa mwaka huu utapandwa chini ya kivuli cha migomba ya muda, ambayo mzee wa mauzo ya nguzo ameahidi kutoa machipukizi yake. Tunahitaji mbegu za podo na mkukusu, na mwenye mti wa mkondekonde ambao matunda yake yameanza kugeuka rangi amwarifu mwinjilisti siku hiyo hiyo, tuje na vikapu.